Doti Moja kwa Shughuli

 

Kila baada ya miaka kadhaa nchi hii hushikwa na hamu ya kutafuta vazi la taifa. Kamati huundwa, wabunifu huitwa, michoro huletwa, watu hupigwa picha wamevaa rangi za bendera, kisha mambo hutulia mpaka hamu nyingine ipande. Sina ugomvi na kamati. Ninalosema jioni hii ni kwamba kwa upande wa wanawake wa mjini Dar es Salaam kazi hiyo ilishakwisha siku nyingi, na walioimaliza hawakulipwa posho ya kikao. Vazi la sikukuu lipo. Linauzwa Mtaa wa Uhuru, linashonwa kwenye baraza za Kariakoo, na linavaliwa kila mwisho wa wiki Ilala, Magomeni, Buguruni na Temeke. Linaitwa sare, na mama yake sare ni doti ya kanga.

Shuka Mnazi Mmoja, ufuate Mtaa wa Uhuru, ule ambao wazee waliujua kwa jina la Kichwele. Maduka ya kanga yamepangana. Kanga zimetundikwa kuanzia darini, nyingine zimekunjwa na kupandana hadi kumfunika muuzaji, naye yumo humo ndani akijipepea kwa gazeti. Mteja mwanamke akiingia hatafuti kitambaa, anatafuta habari. Atauliza zipi mpya. Muuzaji atakunjua moja kwa mkupuo, nayo itatua mezani na pindo zake zote nne. Mteja atasoma jina kwanza. Jina likimkera, hata rangi iwe nzuri vipi, hiyo hapana. Jina likimkaa moyoni, ndipo atashika pindo, ataangalia mji, atasugua kidole kwenye kitambaa ajue ni pamba au ni ujanja wa siku hizi, na hapo ndipo bei itaanza kuzungumzwa. Akiwa ametumwa na kamati ya harusi hanunui doti moja, anazungumza kwa korja, na sauti ya muuzaji hubadilika.

Sihitaji kumweleza msikilizaji wa Kiswahili doti ni nini. Ila nataka tukumbushane jambo moja ambalo wanaume hatulitilii maanani. Kanga ya shughuli na kanga ya nyumbani ni vitu viwili, hata kama zimetoka jora moja. Ya shughuli ni mpya, imekatwa na kupindwa jana, bado inakwaruza na bado ina harufu ya dukani. Ikishafuliwa mara mbili tatu imehamia jikoni, mgongoni kwa mtoto, kitandani. Haidharauliwi, lakini siku yake ya kutoka imepita. Kwa hiyo vazi la sikukuu la mji huu halitunzwi sandukuni likarithiwa na wajukuu kama koti la kifalme. Linachakaa likiwa kazini, na shughuli nyingine ikija linanunuliwa jingine. Hapo ndipo ilipo siri ya uhai wake, nami nitairudia.

Tuanzie nyuma kidogo. Mji wetu wenyewe si mkongwe sana. Sultan Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860. Wakati huo mwanamke wa tabaka la juu upande wa pili wa bahari alivaa kanzu juu ya suruali ya marinda, na usoni akaweka barakoa iliyotiwa nakshi. Bibi Salme binti Said, yule binti wa Sultan Seyyid Said aliyekwenda kuishi Ujerumani, alieleza mavazi ya jumba la baba yake katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichochapishwa mwaka 1886. Mtumwa hakuvaa hayo. Mtumwa alivaa merikani, pamba isiyotiwa rangi, au kaniki, merikani iliyopakwa nili ikawa nyeusi. Ukimwona mtu barabarani ulijua ni nani kabla hajafungua kinywa.

Kanga iliingia katikati ya hayo, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso zilizouzwa kwa mfululizo, wanazikata tatu tatu na kuunganisha vipande viwili, wakapata vazi moja pana lenye rangi. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa. Mombasa, duka lililoanzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887, lile ambalo kanga zake zilijulikana kuwa ni mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa sana watu wanapozungumzia maneno yalivyoanza kuandikwa kwenye kanga, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Kuchapwa zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India, Japani. Lakini tusidanganyike na kiwanda kilikuwa wapi. Mchapaji wa Uholanzi alichapa alichoagizwa, na aliyeagiza aliagiza kile ambacho wanawake wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wangekubali kukitoa dukani. Wakikikataa, mzigo ulilala ghalani mpaka ukaoza. Wanawake ambao hawakupata kuona kiwanda maishani mwao walikiamuru kwa kidole.

Sasa sikiliza hili. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na huku Tanganyika ukangoja hadi mwaka 1922 chini ya Waingereza, moja ya mambo ya kwanza ambayo wanawake waliokuwa watumwa waliyafanya ni kuiacha kaniki na kununua kanga, na baadaye buibui. Hawakungoja mtu awatangazie kuwa wao sasa ni waungwana. Walivaa. Mtu aliyezaliwa akipangiwa nguo na bwana wake aliingia dukani akachagua rangi yake na jina lake. Ukitafuta vazi la taifa lenye historia ya uhuru ndani yake, sijui unataka historia gani zaidi ya hiyo.

Ndipo tunaingia Kariakoo. Wajerumani waliupanga mtaa huu kwa mistari iliyonyooka kama makazi ya Waafrika. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika na Waingereza wakauchukua mji, wakaweka hapo wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, nasi tukaligeuza jina kwa ulimi wetu. Watu walikuja kutoka kila upande: Wazaramo wa jirani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wayao, Wangoni. Kila kundi lilikuja na ngoma yake, lakini mjini wanawake walianza ngoma za mjini, na vyama vya kuziendesha. Lelemama ndiyo iliyosifika sana pwani nzima. Chama cha ngoma kilikuwa na viongozi wake, mchango wake, mashindano na mahasimu wake, na juu ya yote kilikuwa na nguo moja. Siku ya ngoma wanachama walitoka wamefanana kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliyekosa nguo hakucheza. Aliyeleta rangi nyingine alionekana amekwenda upande wa pili, na upande wa pili hapo ulikuwa jambo zito.

Wanaume wengi waliyaona hayo kuwa mambo ya kina mama. Mwaka 1955 wakajifunza. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu, na ilikuwa ni chama cha wanaume. Ilipotafuta mwanamke wa kuongoza tawi la wanawake ikampata Bibi Titi Mohamed, kijana wa miaka chini ya thelathini, mwimbaji kinara wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakwenda kutunga muundo mpya. Alikwenda kwa vyama vya ngoma vilivyokuwapo Kariakoo na Ilala, akazungumza na viongozi wao, na viongozi wakaja na watu wao. Katika miezi michache wanawake kwa maelfu walikuwa na kadi. Watu waliokwisha kuzoea kuchangishana, kukubaliana rangi na kufika kwa pamoja saa iliyotajwa, hao hawahitaji semina ya uongozi. Mimi nikisikia mtu anasema sare za harusi ni upuuzi wa wanawake wa uswahilini, huwa namkumbuka Bibi Titi, na leo jina lake limo kwenye barabara inayopita hapo hapo Mnazi Mmoja.

Baada ya Uhuru likaja jambo la ajabu, na lilitokea hapa hapa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni ya kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na vipodozi vya kujichubua. Iliitwa Operesheni Vijana, na ilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Kabla haijaanza rasmi, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake kwenye kituo cha mabasi Kariakoo, wakawashusha kwenye mabasi, wakawachania nguo, hadi polisi wakaja kuwatawanya. Mwaka huo huo wa 1968, kiwanda cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China kilifunguliwa Ubungo, kikaanza kutoa kanga na vitenge vilivyochapwa nyumbani. Nchi ile ile, mji ule ule, mwaka ule ule: mkono mmoja unamchania mwanamke nguo aliyoichagua, mkono wa pili unamchapia nguo atakayoichagua. Wa pili ndio uliofanikiwa. Wanawake walizikimbilia kanga za Urafiki bila kupigwa na mtu.

Halafu zikaadimika. Walio na umri wangu watakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, viwanda havina vipuri, na kanga ni bidhaa ya foleni. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, kilichofichwa maghalani hakikuwa sukari na sabuni peke yake. Nguo pia zilikuwamo. Watu walioana, maana watu huoana hata katika dhiki, lakini sanduku la bibi harusi lilikuwa jepesi, na kupata doti mpya za kumpelekea mkwe ilikuwa kazi ya ukoo mzima. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, milango ilifunguka, na pamoja na mitumba zikaingia kanga za India na baadaye za China. Tangu hapo Kariakoo haikuishiwa tena.

Leo ukipita Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Msimbazi au Mtaa wa Sikukuu, ndiyo, tunao mtaa unaoitwa Sikukuu, utaona doti ya kanga imezaa watoto wengi. Kuna kitenge, ambacho wenye pesa wanakitaka chenye jina la Uholanzi na wengine tunaridhika na nduguye. Kuna dera, pana na jepesi, lililotufikia kutoka upande wa Wasomali na Mombasa. Kuna kijora na mtandio wake. Kuna vilemba vilivyojifunza kusimama kwa kutazama filamu za Nigeria. Wiki za mwisho za Ramadhani, na tena siku za kuelekea Krismasi, mitaa hiyo haipitiki hata usiku, na machinga ametandika mpaka katikati ya barabara. Mafundi wa barazani wanashona mpaka alfajiri. Fundi atakuapia kwa Mola kwamba nguo ni kesho saa nne, nawe unajua, naye anajua kuwa unajua, na bado utakuja saa nne.

Lakini watoto hao wote wanafuata sheria ya mama yao. Angalia harusi yoyote ya mjini. Upande wa mke wana rangi yao, upande wa mume wana yao. Shangazi wana yao peke yao, wasije wakachanganywa na majirani. Siku ya mkole, siku ya hina, siku ya kupeleka bibi harusi, kila siku na nguo yake. Kitchen party ina rangi iliyotangazwa kwenye kundi la simu mwezi mmoja kabla. Mikono imepakwa hina na piko, nguo imefukizwa udi, na kwa walioshika desturi kuna kikuba cha asumini kimefichwa pale panapofichwa. Hata kanisani ni hivyo: mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akiwa na kitenge cha chama chake humhitaji mtu akutambulishe. Na serikali yenyewe, hiyo inayotafuta vazi, ikifika Machi 8, Siku ya Wanawake, ofisi zake zote zinatoka na sare, mtumishi wa wizara na mhudumu wa kituo cha afya, doti moja na jina moja kifuani. Zinashonewa wapi? Msikilizaji unajua wapi.

Hebu tutoke nje ya nchi kwa dakika moja. Kisiwa cha Saiprasi, mashariki ya bahari ya Mediterania, kilikuwa na wanawake wa mjini waliosifika kwa mavazi ya sikukuu. Katika karne ya 19 wanawake wa Kigiriki wa Nicosia, mji mkuu, walivaa gauni refu na juu yake koti fupi la kubana, liitwalo sarka, lililotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Mtindo huo ulifuata mavazi ya Athens, ambako Malkia Amalia, Mjerumani aliyeolewa na mfalme wa Ugiriki, aliitumia nguo ya kienyeji kubuni vazi la ikulu. Mabinti wa miji wakaiga, kama binti yeyote wa mjini popote anavyoiga. Baadaye mitindo ya Ulaya magharibi ikaingia, na sarka ikarudi nyuma, nyuma, mpaka leo ukitaka kuiona nenda makumbusho au kawatazame wacheza ngoma za asili kwenye sherehe za kitaifa. Ni nzuri sana, ila hakuna tena mwanamke wa Nicosia anayeamka Jumamosi akagombana na fundi kwa ajili yake.

Kwetu bado wanagombana. Na sababu ni ile niliyoiahidi kuirudia. Vazi letu halikugandishwa. Hakuna aliyesema kanga halisi ni ile ya mwaka fulani yenye mji fulani. Jina hubadilika kila toleo, rangi hubadilika, hata kitambaa kimebadilika. Kinachobaki ni mapatano: kwamba tutafanana, kwamba itakuwa mpya, na kwamba tutaichagua wenyewe. Kamati ya vazi la taifa ikija na mchoro mmoja na kusema hili ndilo, itakuwa imetupeleka Nicosia.

Sasa nisije nikaonekana nasifu tu. Sare ina maumivu yake, na wanawake wanayajua kuliko mimi. Mwenye ndugu wengi ana harusi nyingi, na kila harusi ina nguo mbili au tatu, na kila nguo ina fundi. Kuna mama anauza vitumbua, anacheza upatu wa kila siku, na zamu yake ikifika pesa yote inakwenda Mtaa wa Uhuru kwa ajili ya shughuli ya mtoto wa jirani. Akikosa, hakai nyumbani kwa raha, maana atahesabiwa. Kuna wenyeviti wa kamati wanaochagua kitambaa cha bei ya juu makusudi ili wapungue watu fulani ukumbini. Hiyo nayo ipo, tusifichane. Chombo kile kile kilichomwingiza mwanamke mtumwa katika uungwana kinaweza kutumika kumtoa mwanamke maskini nje ya mlango.

Na kuna la pamba. Tunalima pamba Simiyu, Shinyanga, Mwanza na kwingineko Kanda ya Ziwa, na sehemu kubwa inakwenda nje ikiwa bado nyuzi, haijaona mtambo wa kufuma hapa. Kisha mtaani tunanunua kanga za polista kutoka mbali, zinazong'aa siku ya kwanza na kunata mwilini katika joto letu la Februari. Viwanda vinavyochapa kanga hapa nchini bado vipo, lakini vinashindana na mzigo ulioingia kwa bei ya kutupa. Kama kamati ya vazi la taifa inatafuta kazi ya kufanya, kazi ni hiyo: si kuchora gauni, ni kuhakikisha doti ya pamba iliyochapwa hapa inafika Mtaa wa Uhuru kwa bei ambayo muuza vitumbua anaimudu.

Ombi langu la mwisho linakwenda kwako mwenyekiti wa kamati ya sare, maana najua unanisikiliza na simu iko mkononi. Msimu wa harusi uko njiani. Chagua doti moja, isiwe nguo tatu. Chagua pamba. Taja bei mapema ili watu walipe kidogo kidogo, na mshono kila mtu aufanye kwa uwezo wake. Na yule atakayekuja na kanga yake ya mwaka jana, iliyofuliwa ikapigwa pasi, mpe kiti mbele.